Mgonjwa aulizwe uji: kuvuka upasuaji wa saratani ya ziwa ukiwa na watu wako

Siku ya tatu baada ya kukatwa ziwa nilihesabu chupa za chai zilizopangwa dirishani: saba, na zote uji. Wa mtama wa dada yangu, wa mchele wa wifi, wa ngano wa mama mkubwa, hadi wa jirani ambaye tulikuwa tukisalimiana kwa mbali tu. Mimi roho yangu ilitaka embe bichi kwa chumvi na pilipili. Sikusema, na hakuna aliyeuliza, kwani wahenga walishakata shauri kuwa mgonjwa haulizwi uji.

Kwetu Pemba msaada unaupata hata usipouomba. Kazi ni kuupanga, usije ukamlemea yule yule anayesaidiwa. Haya ninayoyaandika mengi niliyajua baadaye, na mengine kwa kukosea. Mimi ni mtu wa Wete, nilipasuliwa Unguja, na matibabu yaliyofuata nikayavukia Dar es Salaam. Maneno yangu yakipishana na ya daktari wako, shika ya daktari. Yeye kakuona, mimi sijakuona.

Hatua ya 1: Jueni kwanza kuna nini

Usiende peke yako kusikiliza majibu ya kinyama, kile kipande kilichokatwa kwenye uvimbe kikapimwa. Neno saratani likishatajwa, masikio yanaziba. Mimi sikumbuki alichosema daktari baada ya hapo, nakumbuka feni ya chumbani mwake ilikuwa inalia. Chukua mtu anayejua kusikiliza na kuandika, na si lazima awe wa karibu kuliko wote. Mume wangu alilia kabla yangu. Aliyeandika ni mdogo wangu, kwenye daftari la skuli la watoto, na daftari hilo tumekwenda nalo mwaka mzima.

Andikeni maswali kabla ya kuingia. Uvimbe una ukubwa gani, na umefika kwenye tezi za kwapani au bado? Litaondolewa ziwa zima au uvimbe peke yake? Likibaki ziwa, nitahitaji mionzi? Kinyama kimepimwa vipokezi vya homoni na HER2, vile vitu vya kwenye chembe za saratani vinavyomwonyesha daktari dawa ipi itafaa? Nitaanza na kisu au na dripu za dawa? Swali hili la mwisho lina uzito wake. Wako wanaoanzishiwa dawa za saratani kwanza ili uvimbe usinyae, ndipo wapasuliwe. Jamaa wasiolijua hilo huanza kunung'unika kuwa hospitali inachelewesha, na hapo ndipo mtu hutoroshwa akapelekwa kwa mganga.

Kuna jambo nitalisema kwa ukali kidogo. Ile desturi ya kumkonyeza daktari, "Mwenyewe msimwambie, moyo wake mdogo," iacheni. Anayetia saini fomu ya kukubali kupasuliwa ni yeye. Mtu azinduke akute upande mmoja wa kifua haupo, na nyumba nzima ilijua isipokuwa yeye? Mwambieni, kisha kaeni naye.

Hatua ya 2: Awepo msemaji mmoja

Kila anayepiga simu anataka kuisikia habari tangu mwanzo. Ukiisimulia mara kumi kwa siku unalala umechoka kuliko aliyelima. Mimi simu yangu nilimkabidhi wifi. Yeye ndiye aliyeandika kwenye grupu la ndugu, sentensi mbili kila usiku: kala, kalala, mrija wa kidonda umetoa maji kiasi gani, kesho kunatakiwa nini. Picha ya mgonjwa kitandani ilikuwa marufuku. Kijana mmoja wa ukoo aliirusha moja asubuhi ya siku ya pili, nikiwa nimelala mdomo wazi, na ikafika Tanga kabla sijaamka.

Kama hutaki habari itoke kwa kuogopa hasadi na maneno ya barazani, ni haki yako. Lakini wako watu ambao lazima wajue: unaolala nao nyumba moja, atakayekusindikiza, atakayebaki na watoto. Mama mzazi naye aambiwe na wewe mwenyewe au na mtu uliyemtuma, asije akayakuta kwenye shughuli ya watu.

Ami yako atakuja na dawa. Atakuja, hilo lihesabu. Usigombane naye, ipokee, shukuru, kisha dawa hiyo uende nayo kwa daktari akaione. Baadhi ya dawa za miti, hata vidonge vya thomu (kitunguu saumu), hufanya damu isigande upesi, na daktari anatakiwa ajue siku nyingi kabla. Mtajie pia vidonge vya presha, vya sukari, aspirini, vyote. Kombe, yale maji yaliyooshewa maandishi ya Kurani, ukiletewa, linywe siku za kabla. Usiku wa kuamkia operesheni ukiambiwa tumbo liwe tupu, basi liwe tupu kweli, kwa kuwa mtu aliyelazwa usingizi wa dawa hawezi kukohoa, na kilichomo tumboni kikipanda kinaingia mapafuni. Bibi yangu alikuwa amesimama na bakuli saa kumi ya alfajiri. Wifi alimwambia, "Bibi, weka nia tu, Mungu anajua," na bakuli likarudi.

Hatua ya 3: Pesa, damu na bahari

Kwa mtu wa mjini Unguja hatua hii ni fupi. Mpemba ana bahari mbili: ya kwenda Unguja, na pengine ya kwenda Dar es Salaam, kwani wagonjwa wengi wa Visiwani huvuka hadi Taasisi ya Saratani Ocean Road kwa ajili ya mionzi. Kwa hiyo pigeni hesabu ya mwaka mzima. Siku ya kisu ni sehemu ndogo tu. Kinachomaliza watu ni nauli za mara kwa mara, chakula cha anayeuguza, bendeji na dawa za kununua nje, na pa kulala. Mwenye kadi ya Mfuko wa Huduma za Afya Zanzibar aulize mapema nini kinalipiwa na nini hakilipiwi. Mume wangu usiku wa kwanza tu alitaka kuweka rehani mikarafuu. Tulimzuia. Nikawaomba wenzangu wa upatu, na shoga yangu aliyekuwa na zamu mwezi ule akanipisha. Michango yote iingie mkononi mwa mtu mmoja na iandikwe kwenye daftari, jina na kiasi, watu wasije wakagombana mgonjwa angali kitandani.

Damu: ulizeni kama zitahitajika chupa, na watu wakatoe kabla ya siku yenyewe. Anayefaa ni mwenye afya, wa miaka 18 hadi 65, asiyepungua kilo 50; mjamzito na anayenyonyesha hawatoi. Si lazima kundi lake lifanane na lako, maana damu yake inaingia benki na wewe unapewa inayokufaa. Vijana wa kiume waliokuwa wakizubaa nje ya hospitali hawajui wafanye nini mikono yao, kazi hii iliwapata barabara.

Na bahari. Hapa nilikosea. Siku ya tano nilitamani wanangu, nikang'ang'ania kurudi na mrija wangu kifuani. Ilikuwa miezi ya upepo wa kusi, bahari imechafuka. Tangu bandari ya Malindi, Unguja, hadi Mkoani, Pemba, nimekumbatia kifua kwa mkono mmoja na mfuko wa kutapikia kwa mkono wa pili, na tulipofika mrija umeshasogea, ikabidi nipelekwe hospitali kabla ya kufika nyumbani. Tafuta pa kukaa Unguja mpaka mrija utolewe na kidonda kionwe. Ukisafiri, kaa chini, katikati ya boti kuelekea nyuma, ndipo panapoyumba kidogo, na asiyeumwa ndiye abebe mizigo.

Hatua ya 4: Kikapu cha hospitali

Dera liache nyumbani. Ndilo vazi letu, najua, lakini linavaliwa kwa kupandisha mikono juu na wewe mkono huo haupandi. Chukua blauzi pana za vifungo vya mbele, au mashati ya mume, na baibui la kufunguka mbele. Kanga chukua nyingi, ila usiifunge kifuani kama ulivyozoea, maana fundo linakaa pale pale penye kidonda.

Mwambie mmoja akushonee vitu viwili. Cha kwanza ni mto mdogo wa usufi, wa kuweka kwapani ukilala na wa kukinga kifua ndani ya gari barabara ikiwa mbovu. Cha pili ni mfuko wa kanga wenye kamba ya shingoni, wa kutilia kichupa cha mrija. Dada alinishonea wa kanga kuukuu ya mama. Niliuvaa siku 12 na bado ninao.

Bangili na pete zivuliwe kabla ya kutoka nyumbani, hasa za mkono wa upande wa ziwa bovu, kwa kuwa mkono ukivimba pete haitoki. Kucha zisiwe na rangi wala piko. Kile kibanio wanachokubana kidoleni kupima hewa ya damu kinasoma kwa mwanga unaopita kwenye ukucha, na weusi wa piko unakivuruga. Nimeona mwenzangu aliyetoka harusini wiki ile anasuguliwa kucha kwa kisu mlangoni pa chumba cha upasuaji.

Hatua ya 5: Siku yenyewe

Wasindikizaji wawili wanatosha. Tulikuwa kumi na moja, na wanane hawakuwa na kazi zaidi ya kunitazama usoni kama nishakufa.

Kabla ya kuingia utawekewa alama ya kalamu upande utakaopasuliwa. Iangalie mwenyewe, useme kwa mdomo wako: kushoto, au kulia. Ukiona haya kuvuliwa mbele ya madaktari wanaume, omba nesi mwanamke asimame karibu nawe. Ni ombi la kawaida, wala hutaonekana mkaidi.

Wanaongoja nje wajue watakachokiona: mtu anatetemeka kwa baridi, midomo imekauka, anatapika, anasema maneno ambayo kesho hatayakumbuka. Asipewe maji mpaka nesi aseme. Na kesho yake msimhurumie kwa kumwacha alale tu. Akalishwe, avute pumzi ndefu, atembezwe hadi mlangoni na kurudi, kwa sababu kulala moja kwa moja kunagandisha damu miguuni na kuleta nimonia. Maumivu yakiwa makali ayaseme. Hakuna thawabu ya kujikaza wakati dawa ipo.

Hatua ya 6: Mrija na kichupa

Huu ndio utakaokushughulisha kuliko kidonda chenyewe. Ni mrija mwembamba unaotoa maji yanayokusanyika chini ya ngozi, unaingia kwenye kichupa cha plastiki. Mtu mmoja ajifunze kwa nesi kabla hamjaruhusiwa: namna ya kukifungua, kukimwaga, na kukiminya hewa itoke kabla ya kukifunga, kwani bila kuminywa hakivuti.

Kwetu kazi hiyo aliifanya mdogo wangu. Baada ya sala ya alfajiri ananawa kwa sabuni hadi viwiko, anawasha taa ya simu, anamimina kwenye kikombe chenye mistari, anakiinua usawa wa macho kama muuza mafuta ya taa, kisha anaandika. Siku ya kwanza mililita 140. Halafu 110, 90, 95, 60. Rangi nayo inageuka, kutoka nyekundu hadi ya pinki, kisha manjano hafifu. Madaktari wengi huutoa mrija maji yakishuka hadi mililita 30 hivi kwa saa 24, na mara nyingi ni baada ya wiki moja au mbili. Zile tarakimu za daftarini ndizo atakazozitaka daktari, kwa hiyo msiende na "yamepungua kidogo."

Mrija usining'inie. Wangu ulinasa kwenye kitasa cha mlango wa choo, na kelele niliyopiga ilimtoa muadhini barazani.

Rudini hospitali siku hiyo hiyo mkiona homa ya 38 au zaidi, kidonda chekundu kinachochoma au kunuka, kichupa kinachojaa damu mbichi upesi, mrija uliochomoka, mguu mmoja unaovimba na kuuma, au pumzi zinazokata. Na mrija ukishatolewa, pengine utaona pametuna kama kifuko cha maji. Hutokea sana. Daktari huyavuta kwa sindano, msipatoboe wenyewe.

Hatua ya 7: Wageni, vyungu na watoto

Wifi aliweka saa: baada ya Alasiri mpaka karibu na Magharibi. Aliyekuja asubuhi alipokewa vizuri, akapewa kahawa barazani, akaambiwa "kalala." Nilikuwa macho. Mgeni wa kuchungwa hasa ni yule anayeanza, "Hata marehemu fulani alianza hivi hivi." Mtu wa kumwita nje kwa udhuru wowote awe tayari.

Chakula: kidonda kinajengwa kwa samaki, mayai, kuku, choroko, maharage. Utaambiwa pweza anatonesha kidonda, na samaki asiye na magamba mwiko. Muulize daktari mbele ya huyo huyo anayekataza, mambo yaishe. Dawa kali za maumivu zinafunga choo, kwa hiyo mapapai na maji mengi.

Shoga anapouliza "nikusaidie nini?" usijibu "dua tu." Dua ataomba. Mpe na kazi. Wangu mmoja alichukua kufua, mwingine kuwapeleka watoto skuli asubuhi na chuo cha Kurani jioni, shemeji alichota maji na kuangalia ng'ombe. Aliye mbali alituma vocha. Na kwa wanaouguza, jifunzeni swali la "kesho nikuletee nini?" badala ya kufika na chungu. Watoto waambiwe ukweli wa kadiri yao. Mwanangu wa miaka sita alikuwa akikataa kunikaribia, kumbe aliambiwa na wenzake kuwa maradhi yangu yanaambukiza. Hayaambukizi. Tulipomwambia, alilala miguuni kwangu usiku ule.

Hatua ya 8: Mkono

Siku inayofuata upasuaji anza kufumba na kufumbua kiganja, kukunja kiwiko, kuchana nywele taratibu. Kiwiko kisipande juu ya bega mpaka mrija utoke na daktari akuruhusu. Baada ya hapo simama mbele ya ukuta, vidole vipande kama kaa, tia alama ya penseli ulipoishia, kesho uipite. Mara tatu kwa siku. Kipimo changu kilikuwa takbira, ule unyanyuaji wa mikono wa kuanzia sala. Wiki ya kwanza nilisali nimekaa, mikono inaishia kifuani, baadaye mabegani, siku kidole gumba kilipogusa ndewe ya sikio nilisahau hata sura niliyokusudia kusoma.

Ndoo, kukuna nazi, kutwanga, kubeba mtoto: viache kwa wiki sita hivi. Ndani ya mkono kwa juu panaweza kufa ganzi, na ziwa lisilokuwepo linaweza kukuwasha. Si wazimu, ni mishipa ya fahamu.

Kama tezi za kwapani zimetolewa, mkono huo unaweza kuvimba hata baada ya miaka. Presha na sindano viende mkono wa pili. Ukichomwa na mwiba wa samaki, osha kwa sabuni hapo hapo, na ukiona wekundu unapanda nenda hospitali.

Hatua ya 9: Kioo, na mume

Kidonda ukitazame mara ya kwanza na mtu unayemtaka wewe, siku unayotaka wewe. Mimi nilitaka dada, mlango umefungwa. Kwa nje, mfuko wa kitambaa laini uliojazwa usufi unatosha kuvaa ndani ya sidiria. Kidonda kikishapona kabisa, ongeza mchele mkavu kidogo usiwe unapanda shingoni.

Mume wangu alihamia ukingoni mwa kitanda. Nikasema basi, kanichoka. Wiki mbili tunapeana migongo. Mwishowe nilimuuliza, naye akashangaa: alikuwa anaogopa kugeuka usingizini akafumua nyuzi. Waume, semeni. Na kilio kikizidi majuma, usingizi hakuna, chakula hakipiti, mwambieni daktari kama mnavyomwambia kuhusu homa.

Hatua ya 10: Mwezi wa tatu

Kilichokatwa kinapelekwa maabara, na majibu yake ndiyo yanayoamua kinachofuata. Yafuatilieni, msingoje kuitwa. Dripu mara nyingi ni kila baada ya wiki tatu, kwa miezi. Mionzi ni siku tano za wiki kwa majuma kadhaa, kwa hiyo inahitaji mwenyeji Dar es Salaam. Wengine hupewa vidonge vya kuzuia homoni vya miaka mitano au zaidi.

Na wakati huo ndipo chupa za chai zinapokwisha dirishani. Watu hawakukuchoka, wana karafuu zao za kuchuma, wana maradhi yao. Ndiyo maana wiki ya kwanza ile ile, mapenzi yakiwa bado moto, wifi achukue daftari na kugawa miezi: nani safari ya pili ya Dar, nani ya tatu, nani Alhamisi za kupikia watoto. Aliyekuja na uji siku ya tatu aulizwe kama angependa kuuhamishia mwezi wa nne.

Sisi hatukufanya hivyo mapema. Mwezi wa nne daftari lilikuwa na safari moja isiyo na jina, na dada mtoto wake alikuwa na homa. Nikampigia yule jirani wa chupa ya saba, kwa haya nyingi. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza boti ya saa ngapi, na kama roho yangu inataka nini cha kula njiani.